Kazi ya Mungu haina makosa, ya kwetu je?

Ni nadra kwenda msibani na kurudi bila kusikia msemo huu: "Kazi ya Mungu haina makosa." Anausema shekhe baada ya dua, anausema jirani anayetoa mkono wa pole, na anausema mfiwa mwenyewe anapokosa neno jingine. Kwa Muislamu haya ni maneno ya kweli. Allah (s.w) hakosei, na hakuna anayeondoka duniani kabla ya siku yake. Lakini hata neno la kweli linaweza kutumika mahali pasipo pake. Swali ninaloomba tulitafakari wiki hii ni hili: msemo huo unapotoka kwa watu ambao mtoto amefia mikononi mwao, na ambao hawajataka kueleza ni nini kilitokea leba usiku ule, je, bado ni neno la imani, au limegeuzwa kuwa pazia?

Kilichonisukuma kuandika ni habari za wazazi wa Uingereza waliofiwa na watoto wao wachanga, kisha wakatumia miaka mingi kudai wodi za wazazi ziwe salama. Nitaeleza mambo mawili tu kati ya mengi yaliyotokea huko.

Mwaka 2008, katika hospitali ya Furness iliyoko mji wa Barrow, kaskazini magharibi mwa England, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joshua. Mama yake aliugua mara baada ya kujifungua, akapewa antibaotiki, akapona. Mtoto alikuwa na joto la mwili lililo chini kuliko kawaida, dalili ambayo ingetosha kumfanya mkunga amwite daktari. Hakupewa dawa ile. Alikufa akiwa na umri wa siku 9, kwa maambukizi ambayo yana tiba. Wazazi walipoanza kuuliza, chati iliyoandikwa joto la mtoto yule ikawa haionekani. Baba yake, James Titcombe, alikuwa akifanya kazi katika sekta ya nyuklia, mahali ambapo hata kosa dogo huandikwa na kuchunguzwa kabla halijazaa kubwa. Hakuelewa kwa nini katika wodi ya wazazi mambo yawe kinyume. Akauliza, akaandika barua, akakataliwa, akauliza tena. Mwezi Machi 2015 ikatoka ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Dk. Bill Kirkup. Ripoti ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2004 na 2013, watoto 11 na mama mmoja walikufa katika hospitali ile ilhali wangetarajiwa kuishi kama wangehudumiwa inavyopasa.

La pili ni la hospitali za Shrewsbury na Telford, magharibi ya England. Huko wazazi wa familia mbili, mmoja aliyefiwa mwaka 2009 na mwingine mwaka 2016, walikutana, wakakaa kitako na kukusanya habari za familia nyingine zilizopatwa na misiba kama yao. Walipata kesi 23, wakazipeleka kwa Waziri wa Afya wa wakati huo, Jeremy Hunt. Uchunguzi ukaanza mwaka 2017 chini ya mkunga wa siku nyingi, Donna Ockenden. Ripoti ilipotoka Machi 2022, kesi 23 zilikuwa zimegeuka familia 1,486. Ikaelezwa kuwa watoto 201 wangeweza kuishi kama huduma ingekuwa bora. Humo mna mambo mawili ambayo sikuweza kuyasahau. Kwanza, hospitali ilikuwa ikiyapa baadhi ya matukio mazito daraja la chini, hivyo yakakwepa kuchunguzwa na watu wa nje. Pili, baadhi ya akina mama waliambiwa kuwa wao wenyewe ndio chanzo cha yaliyowapata.

Ninafundisha somo la Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tano habari hizi, kijana mmoja alinyoosha mkono akasema: "Ustadh, hawa wanahangaika kwa sababu hawana imani ya kadari. Muislamu angesema Inna lillahi, akasubiri, yakaisha." Wenzake wengi walitikisa vichwa kukubali. Sikushangaa, kwa sababu hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Mtu aliyefiwa akiuliza maswali, tunamwona kama anagombana na Mola wake. Akienda kulalamika kwa mganga mkuu, tunamwambia aache, mtoto hatarudi.

Ndugu msomaji, hebu tuirudie Qur'an. Nani anajulikana humo kuwa ni mzazi mwenye subira njema? Ni Nabii Yaaqub (a.s). Na subira hiyo aliitamka katika mazingira gani? Watoto wake walimjia usiku wakilia, wakamletea kanzu ya Yusuf iliyopakwa damu ya uongo, wakadai kuwa ameliwa na mbwa mwitu. Katika Suratu Yusuf, aya ya 18, Yaaqub anafanya mambo mawili kwa pamoja. Anawaambia wazi kuwa hawasadiki, kwamba nafsi zao ndizo zilizowashawishi kufanya jambo, na papo hapo anasema kuwa yeye atashika subira njema. Hakusema kuwa kwa kuwa amesubiri basi ameikubali ile kanzu. Na miaka mingi baadaye, katika aya ya 86, anaeleza kuwa huzuni yake anamshitakia Allah peke yake, kisha katika aya inayofuata anawaagiza wanawe watoke wakapeleleze habari za Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa.

Tuangalie vizuri. Subira ya Yaaqub ilielekea kwa Mola wake. Kwa wale walioleta ushahidi wa uongo alielekeza kutosadiki, na baadaye amri ya kwenda kutafuta ukweli. Mzazi anayeambiwa kuwa chati ya mtoto wake haionekani, naye akakataa kuridhika, hana tofauti na baba aliyeiangalia ile kanzu akakataa kudanganyika. Sisi ndio tuliochanganya mambo mawili: kuridhika na alichokadiria Allah, na kuridhika na walichokificha wanadamu. La kwanza ni imani. La pili halikuamrishwa popote.

Wapo watakaosema kuwa ajali ni ajali, na kwamba ajali haina kinga. Sawa, lakini Sharia inasemaje juu ya ajali? Suratun Nisaa, aya ya 92, inazungumzia muumini aliyemuua muumini mwenziwe kwa kukosea, bila kukusudia. Aya haikuishia kusema kuwa yamepita. Imeweka kafara kwa aliyekosea, na imeweka diya ipewe familia ya marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiamua kuisamehe. Aliyekadiria kifo kile ndiye huyo huyo aliyeamrisha kuwa kuna mtu wa kujibu. Basi anayesema kuwa kudai majibu ni kupinga kadari, aangalie asije akawa anajifanya mchamungu kuliko aya yenyewe.

Vitabu vya fiqhi vinasimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a) akiwa khalifa. Alipeleka mtu kumwita mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa safarini. Mwanamke yule alikuwa mjamzito. Aliposikia kuwa anaitwa na Umar aliingiwa na hofu kubwa, uchungu ukamshika njiani, akajifungua, mtoto akalia mara mbili akafa. Umar akawakusanya Masahaba kutaka ushauri. Baadhi yao wakamwambia kuwa hana lawama yoyote, yeye ni kiongozi na alikuwa akitimiza wajibu wake. Ali bin Abi Talib (r.a) alikuwa kimya. Umar akamgeukia na kumuuliza naye anasemaje. Ali akajibu kuwa, ikiwa wenzake wamesema hayo kwa rai yao basi wamekosea, na ikiwa wameyasema ili kumpendeza basi hawakumpa nasaha ya kweli. Diya ni juu yake, kwa kuwa hofu aliyoitia ndiyo iliyosababisha. Umar akaikubali hukumu hiyo.

Kila taasisi inayopatwa na kifo cha mtoto hukutwa na watu wa aina hizi mbili. Wapo wanaokaa kikaoni na kusema kuwa hatuna lawama, taratibu zote zilifuatwa, mama alichelewa kuja. Na huenda yupo mmoja aliyekaa kimya pembeni akijua kilichotokea. Tofauti ni kwamba Umar alimgeukia yule aliyenyamaza akamtaka aseme. Yule mkuu wa dola, ambaye majeshi ya wafalme yalimwogopa, alihukumiwa juu ya kichanga kilicholia mara mbili tu, naye akakubali. Sasa ni mganga mfawidhi gani, au mmiliki gani wa hospitali, mwenye cheo kikubwa cha kutoulizwa?

Na vipi kuhusu mtoto ambaye hakulia hata mara moja? Katika matukio yale ya Uingereza, jambo lililowaumiza sana baadhi ya wazazi ni kuwa sheria ya England na Wales haikumpa mchunguzi wa vifo mamlaka ya kuchunguza kifo cha mtoto aliyezaliwa mfu. Kati ya wale watoto 201 wa Shrewsbury na Telford, 131 walizaliwa wafu. Uislamu uliligusa jambo hili karne 14 zilizopita. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamrushia mwenziwe jiwe likampata tumboni, mimba ikafa. Mtume (s.a.w) akahukumu fidia ilipwe kwa ajili ya kile kilichokuwa tumboni, na wanazuoni wakaikadiria kuwa sawa na ngamia watano. Mmoja wa jamaa za aliyehukumiwa akalalamika kwa maneno ya vina: vipi alipiwe asiyekula, asiyekunywa, wala asiyetoa sauti? Mtume (s.a.w) aliyakemea maneno yake na kumfananisha na makuhani wa kijahiliya, na hukumu ikabaki palepale. Kwa hiyo mama anayeambiwa "huyo hakuwa mtoto bado, utapata mwingine" anaambiwa maneno ya yule mlalamikaji, siyo ya Mtume (s.a.w).

Hapa nataka kuwa mwadilifu kwa wakunga na madaktari, kwani wengi wetu tuna dada, wake na mama wanaofanya kazi hiyo. Mkunga wa zamu ya usiku anaweza kuwa peke yake na akina mama watano wenye uchungu, glavu zimepungua na umeme unakatika. Kumsakama mtu huyo kila mtoto anapokufa ni dhulma, na dhulma hiyo huzaa hofu, na hofu huzaa kuficha. Wanazuoni wetu waliliona hili. Ibnul Qayyim, katika kitabu chake Zaadul Ma'aad, amewagawa matabibu mafungu matano. Tabibu mwenye ujuzi, aliyeipa kazi haki yake na mkono wake haukukosea, hana dhamana yoyote hata kama mgonjwa atakufa. Asiye na ujuzi akajitia utabibu, huyo ana dhamana, na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo inalithibitisha hilo. Lakini yupo pia mwenye ujuzi, aliyekusudia kheri, kisha mkono wake ukateleza. Huyo kwa Allah si mwenye dhambi, lakini dhamana ipo, na jamaa zake wanamsaidia kuibeba.

Tukielewa hilo, hofu nyingi zitaondoka. Dhamana si lazima iwe dhambi. Kumuuliza mkunga nini kilitokea si kumwita muuaji. Na mara nyingi jibu litaonyesha kuwa mwenye dhamana si yeye, bali ni aliyempanga peke yake usiku, aliyekosa kuleta damu, au aliyeambiwa mwaka jana kuwa mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto imeharibika akaliweka faili kabatini. Wazazi wanaodai uchunguzi wa haki wanamsaidia mkunga mwema kuliko wale wanaofunika kila jambo kwa dua.

Liko na suala la msamaha. Tunawahimiza wafiwa wasamehe, na ni jambo zuri. Aya ya diya yenyewe imeufanya msamaha kuwa sadaka. Lakini anayesamehe lazima ajue anasamehe nini na anamsamehe nani. Hospitali inayoficha ukweli humnyima mfiwa hata thawabu ya kusamehe, kwa sababu humwacha na dhana tu. Atalala akijiuliza kama kosa lilikuwa lake, kama angekuja mapema, kama angepiga kelele zaidi. Nimewahi kukaa na akina mama wa namna hiyo baada ya darasa la wanawake msikitini. Kumwambia mama huyo "subiri" bila kumpa ukweli ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa anajilaumu kwa jambo ambalo huenda si lake. Suratul Baqara, aya ya 283, inatukataza kuficha ushahidi na inaeleza kuwa moyo wa anayeuficha umo dhambini. Sioni sababu ya kuitoa wodi ya wazazi nje ya aya hii.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya Wazungu, wenye mawaziri wanaojibu barua. Kwanza, si ya Wazungu peke yao hata huko kwao. Takwimu za Uingereza za miaka ya 2017 hadi 2019 zilionyesha kuwa mwanamke mweusi alikuwa katika hatari ya kufa kwa uzazi mara nne ya mwanamke mzungu, na mwenye asili ya Asia karibu mara mbili. Mwaka 2022 taasisi ya Muslim Women's Network UK ilitoa ripoti juu ya yanayowakuta wanawake wa Kiislamu katika wodi za wazazi, na jina waliloipa lina maana ya wasioonekana.

Pili, majirani zetu wa Uganda wametuonyesha kuwa jambo hili linawezekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 familia za wanawake wawili waliokufa katika uzazi kwenye hospitali za serikali, pamoja na taasisi ya kutetea haki za afya ya CEHURD, walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 shauri likatupwa. Wakakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru lisikilizwe. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kuwa serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki za raia. Ilichukua miaka tisa. Waliofiwa wale hawakupata kurudishiwa wapenzi wao. Walichokipata kitawafaa wanawake ambao hawatawajua kamwe, na Suratul Maida, aya ya 32, inatufahamisha uzito wa kuihuisha nafsi moja.

Hapa Tanzania tumepiga hatua na si haki kulikana hilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Lakini utafiti huo wa 2022 ulionyesha pia kuwa kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, karibu sawa na 25 wa utafiti uliotangulia. Kila mmoja wao ana wazazi, na wengi wao waliondoka hospitalini na kitenge kilichokunjwa na msemo ule ule.

Tufanye nini basi? Wanaume tuanze sisi: tuzijue dalili za hatari za mimba na uchungu, tuisome kadi ya kliniki, tusingoje kuambiwa. Akifa mtoto au mama, familia iombe kwa adabu kuelezwa kilichotokea na iombe maelezo hayo kwa maandishi. Nchi yetu ina utaratibu wa kamati za kujadili vifo vya uzazi na vya watoto wachanga. Tudai kuwa majibu yake yawafikie waliofiwa, yasiishie kwenye majalada. Vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wajumbe wa wananchi; ni Waislamu wangapi wa mtaa wako wanazijua, achilia mbali kugombea nafasi humo? Lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga, na lipo Baraza la Madaktari, ambako malalamiko hupokelewa. Hospitali zinazomilikiwa na taasisi zetu za Kiislamu zinapaswa kuwa za kwanza kusema ukweli kabla ya kuulizwa, kwani zimebeba jina la dini.

Na kwa masheikh na maustadhi wenzangu: tunapokwenda kuwahani wazazi, tuendelee kuwakumbusha subira, kwani ni amri ya Mola wetu. Ila tusiwe wepesi wa kuwafunga midomo. Ilipotokea siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w), jua likapatwa na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Maelezo hayo yalikuwa ya heshima na ya kuliwaza, lakini hayakuwa kweli. Mtume (s.a.w), baba aliyekuwa ametokwa na machozi siku ile ile, aliyakanusha hadharani.

Wabillahi tawfiq.